Ufa Hauzibwi Kabla ya Kuulizwa

Mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa, na fedha ya mavuno ikaingia mikononi mwa watu baada ya kungojwa kwa muda ambao kila mkulima wa Trans Nzoia anaujua urefu wake, huja majuma machache ya kiangazi, kati ya Disemba na Februari, ambapo maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kitale na Bungoma hupata wanunuzi wengi wa mfuko mmoja mmoja wa saruji. Hawa si wajenzi wa nyumba mpya, maana mwenye kujenga huchukua mifuko kwa lori au kwa mkokoteni. Ni wenye nyumba waliokwisha kujenga, ambao baraza yao imepasuka, au sakafu ya jikoni imechimbika mlangoni, au ukuta umechora mstari kutoka pembe ya dirisha hata kwenye paa, nao wameazimia mwaka huu kuliondoa jambo hilo machoni pa wageni. Saruji huchanganywa na maji katika karai, hupakwa juu ya ufa kwa mwiko au hata kwa ufagio, na jioni kazi imekwisha. Mvua za Aprili zikifika, na aghalabu hata kabla hazijafika, ufa ule ule hurudi pale pale, umevaa kingo za saruji mpya.

Rai yangu, ambayo najua haitawapendeza wenye haraka, ni kwamba fedha hiyo karibu yote imetupwa, wala haikutupwa kwa sababu saruji ni mbovu au fundi ni laghai, bali kwa sababu kazi ilianzwa mwisho. Sote tumelelewa na methali ile mashuhuri ya ufa na ukuta, tukaishika kwa imani iliyozidi ufahamu. Methali yaonya juu ya uvivu, na kwa hilo haina dosari. Lakini inatuamrisha kuziba, na kuziba ni tendo la mwisho katika mlolongo wa matendo matano au sita ambayo aliyeitunga, akiwa mtu wa pwani aliyejua chokaa na mawe, yamkini aliyaona kuwa dhahiri mno hata hayakuhitaji kutajwa. Ufa ni ushahidi. Kuna kitu kilichosukuma, au kilichovuta, au kilichozama, na kitu hicho hakiondoki kwa kufunikwa.

Ili kufahamu jinsi tulivyofika hapa, hapana budi kukumbuka kwamba saruji ni mgeni wa juzi katika nchi hizi zilizo chini ya Mlima Elgon. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ipitayo Bungoma na Malaba ikafika Kampala mwaka 1931; kabla ya hapo mzigo mzito namna ile, uliotoka Uingereza kwa meli, ulilazimika kumaliza safari yake kwa gari la ng'ombe katika matope ya Uasin Gishu. Kampuni ya East African Portland Cement, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilianza kwa kuuza saruji ya kuagizwa, na kiwanda cha Bamburi huko Mombasa hakikutoa saruji yake ila mwaka 1954, katika muongo ule ule ambao Tororo, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, nayo ilipata kiwanda chake. Kwa hiyo zege lilionekana kwanza kwenye stesheni, kwenye misheni, na katika nyumba za masetla, ambazo sakafu zake nyekundu zilizosuguliwa kwa nta zingalipo katika baadhi ya mashamba. Na yafaa ikumbukwe kwamba sakafu hizo zilikuwa na watumishi walioajiriwa kuzitunza kila siku. Sisi tuliirithi sakafu, hatukurithi utunzaji.

Nyumba ya kienyeji, ambayo mfano wake waweza kuonwa katika uwanja wa Makumbusho ya Kitale, haikuwa na sifa ya kudumu wala haikuidai. Ukuta wake wa fito na udongo, na sakafu yake iliyosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, vilikuwa na ratiba ya matengenezo iliyofahamika na kila mtu wa boma: sakafu husiribwa mara kwa mara, ukuta hukandikwa upya mvua zikikatika, na harusi au matanga yakikaribia kila kitu hufanywa tena hata kama kingali kizima. Sisemi haya kwa kuitamani hali ile. Kazi yenyewe ilikuwa ya wanawake, ilikuwa ya magoti na mikono, na mama aliyepewa sakafu ya saruji alikuwa na kila haki ya kushangilia. Ila pamoja na taabu ile ikaondoka desturi moja yenye thamani, nayo ni desturi ya kuitazama nyumba. Mwenye kusiriba alipitisha kiganja chake juu ya kila shubiri ya sakafu, akajua palipo na unyevu, palipo na mchwa, palipoanza kuzama. Mwenye sakafu ya saruji huipiga deki amesimama.

Basi tuanze na swali ambalo kila ufa unapasa kuulizwa: maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Nchi yetu ni nchi ya mvua. Kitale, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa yapata mita 1,900, hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na Bungoma, iliyo chini yake kwa mita mia kadhaa, nayo si nchi kavu. Chukua nyumba ya kadiri, yenye paa la mabati la mita 10 kwa 8. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ni lita 1; kwa hiyo mvua moja nzito ya milimita 50 hushusha kutoka paa hilo lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200, na mvua za mwaka mzima hushusha karibu lita laki moja. Ikiwa nyumba haina mifereji, na nyumba nyingi hazina, maji hayo yote huanguka katika mistari miwili myembamba, kila mmoja ukiwa hatua moja au mbili tu kutoka msingi. Humo huchimba mtaro, huchota udongo ulio chini ya ukingo wa baraza, kisha zege la baraza hubaki likining'inia juu ya uwazi, likingojea mtu mzima apite na gunia la mahindi begani.

Hapo ndipo huzaliwa ule ufa mrefu unaokwenda sambamba na ukuta wa nyumba, ambao nadhani ndio mashuhuri kuliko zote katika mitaa yetu, tangu Kipsongo hata Kanduyi. Waweza kuujaza kwa saruji, kwa lami, kwa dhahabu ukipenda. Maadamu chini yake hapana udongo, utafunguka. Dawa yake ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa, tangi la kupokea maji ikiwa uwezo upo, na kama uwezo haupo, basi handaki lililojazwa mawe na kuelekezwa mbali na nyumba, ambalo gharama yake ni jembe na jasho la siku chache. Nasikia mtu akisema mifereji ni anasa ya wenye nacho. Hasha! Anayenunua mfuko wa saruji kila Januari kwa miaka kumi ameulipia mfereji zaidi ya mara moja, ila hakuupata.

Swali la pili ni la udongo. Udongo mwekundu wa miinuko ya Kiminini na Kimilili hupitisha maji vyema na hubeba nyumba bila kinyongo. Lakini kila anayejua mashamba yetu anajua pia udongo mweusi wa mabondeni, unaojaa maji ukavimba wakati wa masika, na kunywea ukapasuka wakati wa kiangazi. Zamani watu hawakujenga hapo, kwa sababu ardhi ilikuwa nyingi na wazee waliona. Leo shamba limegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, na kipande cha bondeni kimekuwa kiwanja kama viwanja vingine. Mwenye nyumba juu ya udongo huo, akipanda mikaratusi mita chache kutoka ukutani kwa kutaka nguzo za kuuza, amekodi pampu ya kunyonya maji chini ya msingi wake mwenyewe, na upande ule wa nyumba utazama kila kiangazi kupita upande mwingine. Mti huo una faida nyingi, wala simo katika wale wanaoulaani. Ila mahali pake ni mpakani mwa shamba, mbali na nyumba kwa kadiri ya urefu wake utakapokomaa.

Nyufa nyingine hazina hatia kubwa. Zege hunywea linapokauka, nalo hutanuka kwa jua na kujikunja kwa baridi: sakafu ya mita 10, ikipashwa moto kwa digrii 20 zaidi ya ilivyokuwa alfajiri, hurefuka kwa yapata milimita 2, na katika Kitale, ambako usiku mtu hutafuta blanketi na mchana hutafuta kivuli, tofauti hiyo juu ya sakafu iliyo wazi si jambo la ajabu. Kwa sababu hiyo waashi wenye maarifa huukata uwanja wa zege vipande vipande vya mita kama 3, wakiacha kiungo kati ya kimoja na kingine. Asiyeacha viungo hupewa viungo na jua lenyewe, navyo havinyooki.

Kuupambanua ufa ulio hai na ufa uliokufa hakuhitaji mhandisi. Chora kwa penseli alama ndogo mwisho wa ufa, uandike tarehe kando yake. Au gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kikishika pande zote mbili, kisha ngoja masika moja na kiangazi kimoja. Kioo kikivunjika, au ufa ukiipita alama, ujue kwamba nyumba ingali inatembea. Upana nao husema: ufa usiofika milimita 1 kwa kawaida ni wa juu juu tu; ule unaopita milimita 5, hasa ukiwa umeshuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au mlango wa karibu nao ukianza kukwama katika fremu yake, ni habari ya msingi, na hapo pana haja ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Najua kwamba kungoja majira mawili ni sharti zito kwa mtu aliyekwisha kushika fedha mkononi. Na aitumie basi kwenye mifereji. Kioo kitakuwa kinafanya kazi yake bure.

Tukija sasa kwenye saruji yenyewe, nitakaa hapa kitambo, maana ndipo penye maangamizi mengi. Fundi wa mtaani, akiitwa kwa kazi ndogo, hupenda zege liwe kama uji, kwa kuwa uji hujimwaga wenyewe penye tundu na huteleza chini ya mwiko bila kuchosha mkono. Naye mwenye nyumba, akiona kazi ikienda mbio, hufurahi. Mwaka 1918 mhandisi Duff Abrams, aliyekuwa akifanya majaribio yake huko Chicago, alitangaza kanuni ambayo tangu hapo haikupinduliwa: kwamba nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji kwa saruji, na kila maji yanapozidi nguvu hupungua. Mfuko wa kilo 50 watosheka na maji yapata lita 25, na katika hesabu hiyo umo unyevu uliokwisha kuwamo katika mchanga. Akimiminiwa fundi mitungi 2 ya lita 20 katika mfuko mmoja, nao ndio utaratibu niuonao mara nyingi, zege hupoteza yapata nusu ya nguvu ambayo lingekuwa nayo, minghairi ya mtu yeyote kuiba hata kijiko cha saruji. Maji yaliyozidi hayapotei: hupanda juu yakibeba vumbi laini la saruji na mchanga, na baada ya kukauka huacha ngozi dhaifu ambayo hupukutika chini ya ufagio. Sakafu inayotoa unga kila ikifagiliwa, na mama wa nyumba akalaumiwa kwa kuifagia sana, iliharibiwa siku ile ilipozaliwa.

Mchanga nao una siri zake. Mchanga wa mtoni unaouzwa katika miji yetu huja mara nyingi na tope, na tope huizuia saruji isishikamane na chembe. Tia mchanga nusu chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uache chupa ipumzike saa kadhaa: mchanga hutua chini na tope hutua juu yake kwa tabaka inayoonekana waziwazi. Tabaka hiyo ikipita asilimia 8 hivi ya mchanga, uoshe au umrudishie mwenye lori. Wenye lori hawalipendi jaribio hili.

Halafu kuna maji ya baada ya kazi, ambayo ni kinyume cha yale ya kwanza. Yale yaliyokuwa adui ndani ya karai huwa rafiki pindi zege linaposhika, kwa maana saruji haigandi kwa kukauka bali kwa kuungana na maji, na ikinyimwa maji mapema husimama njiani. Kiraka kilichopigwa Januari, katika upepo mkavu ushukao kutoka Cherangani, na kikaachwa juani bila gunia la maji juu yake, huweza kupoteza unyevu wake kabla ya jua kuchwa. Siku 7 za kufunikwa na kumwagiliwa hulipatia zege sehemu kubwa ya nguvu zake, yapata theluthi mbili ya zile zinazopimwa siku ya 28. Hakuna sehemu ya kazi iliyo sahali kuliko hii, na hakuna inayopuuzwa zaidi, kwa sababu fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake, na watoto hawakuambiwa kwamba yale magunia yana maana.

Kiraka kinachodumu hufanywaje? Hukatwa kabla ya kujazwa. Fundi huchukua tindo na nyundo akaondoa zege lote lililolegea, akaufuata ufa mpaka penye uzima, akaukata hata upana wake chini usipungue ule wa juu, na kina chake kisipungue sentimita 2 hivi, huku kingo zikisimama wima kama ukuta wa kisanduku. Hilo la kingo ndilo linaloamua kila kitu, kwani saruji iliyopakwa ikaishia kwa ukingo mwembamba kama karatasi haina mwili wa kuishikilia, na gurudumu la kwanza la wilbaro litaibandua. Kisha hufagia, huosha, huacha zege la zamani linywe maji mpaka lishibe, akafuta madimbwi, akapaka rojo la saruji kwa brashi, na kabla rojo halijakauka akakandamiza ndani yake mchanganyiko wa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3, wenye maji machache kiasi kwamba ukiubana kwa kiganja hubaki na umbo la vidole wala hauachi majimaji mkononi. Ikiwa ufa u hai, asitie saruji kabisa: atie kitu chenye kunyumbuka, kama lami au ile gundi ya mpira inayouzwa kwa bomba, akubali kwamba hapo pamekuwa kiungo.

Naomba radhi kwa kurefusha maelezo haya, lakini linganisha na ile kazi ya karai moja na ufagio niliyoitaja mwanzo, uone kama kwa insafu zaweza kuitwa kwa jina moja.

Ziko nyumba nyingine, nazo ni nyingi sana katika vijiji vya Bungoma, ambazo kuta zake ni za udongo au za matofali mabichi na zikavikwa plasta ya saruji nje, zile tuziitazo semi-pamanenti. Plasta hizo hupasuka na kuanguka vipande vipande, na mwenye nyumba hukata shauri kwamba saruji ilikuwa kidogo, akaongeza. Ukweli ni kinyume chake: saruji ilikuwa nyingi. Ukuta wa udongo ni laini, hupumua na husogea. Ngozi ngumu juu yake haiwezi kusogea nao, na maji yakishapenya katika ufa mmoja hayana njia ya kutoka, huuozesha ukuta kutoka ndani. Watu wa pwani walilijua jambo hili kwa vizazi. Katika nyumba za mawe za Lamu, na kabla hata Wareno hawajaanza Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, ukuta ulipakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, kitu laini kuliko jiwe linalofunikwa, chenye kupitisha unyevu na chenye kupakwa upya bila manung'uniko. Nasi chokaa haiko mbali, kwani inachimbwa na kuchomwa hapo Koru, upande wa Muhoroni. Mchanganyiko wa saruji sehemu 1, chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 6 hufaa ukuta wa matofali dhaifu ya kuchoma. Na ukuta wa udongo mtupu hufaidika zaidi na udongo uliotiwa chokaa pasipo saruji yoyote. Fundi atakayependekeza hivyo ataonekana mshamba. Na asimame imara.

Nje ya nyumba kuna viwanja viwili ambavyo katika nchi ya mahindi na maziwa havipaswi kusahauliwa. Uwanja wa kuanikia mahindi ukipasuka, punje huingia katika nyufa zikabaki humo na unyevu, zikawa makao ya fukusi yanayongoja mavuno ya mwaka ujao. Na mahali palipozama hukusanya maji ambayo huyarudishia mahindi unyevu ule ule ambao mkulima anahangaika kuuteremsha hadi asilimia 13.5, kiwango ambacho ghala la Bodi ya Nafaka hukitaka. Anayesumbuka na sumu-kuvu na autazame kwanza uwanja wake. Zizi la ng'ombe wa maziwa lina msiba wake mwingine: maziwa yaliyomwagika na maji ya majani yaliyovundikwa huwa na asidi, na asidi hula saruji ikaacha kokoto zimetoka kama meno, zikijeruhi kwato. Hapo kiraka chembamba ni upuuzi. Sakafu ipewe mteremko kwanza, ili uchafu usikae, kisha ipigwe zege zito lenye maji machache, na mistari ikwaruzwe juu yake kabla halijakauka ili ng'ombe asiteleze.

Kuna pia mahali ambapo sitaki kuona kiraka cha aina yoyote. Kifuniko cha zege cha choo cha shimo kikipasuka hakitengenezwi; huvunjwa na kupigwa kingine chenye nondo, na hadi hapo choo hufungwa, hata kama nyumba nzima itaomba msaada kwa jirani. Kadhalika boriti au nguzo ambayo zege lake limebanduka na chuma kikaonekana chekundu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, nayo husukuma zege kutoka ndani kwa nguvu ambayo hakuna plasta iwezayo kuishinda. Ukiifunika umeificha tu kwa mwaka mmoja au miwili, huku ikiendelea kula. Chuma hakina budi kufunuliwa mpaka nyuma yake, kikwanguliwe hadi king'ae, na kama kimekwisha kukonda kiongezewe kingine. Hilo si la kujaribiwa Jumamosi na shemeji mwenye mwiko.

Limebaki suala la malipo, na hapo lawama yangu yawaangukia wenye nyumba kuliko mafundi. Kazi ya kujenga hukadiriwa, hupatanwa, husimamiwa na hupigwa picha; kazi ya kutengeneza hupewa kijana yeyote aliyekaa bure kando ya barabara, kwa ujira wa kutwa, na masharti ya kumaliza kabla ya giza. Mtu huyo, hata akiwa hodari, hakulipwa kukata wala kuosha wala kuuliza maji yanatoka wapi, na akijaribu kuuliza ataambiwa, "Wewe paka tu, maneno mengi ya nini?" Ningependa vyuo vyetu vya ufundi, kuanzia Kitale National Polytechnic hata vile vya Kisiwa na Sang'alo, viyape matengenezo hadhi ya mtihani mzima, na wanafunzi wapelekwe kwenye baraza zilizobomoka za shule za msingi za jirani, ambazo hazipungui. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi huwatambua na kuwasajili mafundi. Na iwe fahari kwa fundi kusema kwamba yeye ni mtu wa nyumba zilizokwisha kujengwa.

Kwa upande wetu, napendekeza mapatano ya namna hii: fundi alipwe siku moja ya kutazama tu, kabla hajagusa karai, alipwe sehemu kubwa ya ujira akimaliza, na baki ilipwe baada ya mvua kubwa za kwanza, akirudi kukagua. Mafundi niliowagusia jambo hili walipinga, na hoja yao ina uzito: mwenye nyumba asipomwagilia zege, kisha likapasuka, kwa nini fundi ndiye akose haki yake? Basi na yaandikwe yote mawili katika karatasi moja, ya fundi na ya mwenye nyumba, pamoja na jina la yule mtoto aliyekabidhiwa ndoo na magunia kwa siku zile 7.